Mzee Alipofunga Kitabu

Jumapili, 5 Oktoba

Mvua imeanza leo katikati ya ibada. Ilipiga bati kwa fujo hata Mzee wa kanisa letu akalazimika kuhubiri kwa kupiga kelele kama mnadi wa sokoni. Mimi sikusikia hata neno. Akili yangu yote ilikuwa kwenye kamba, kwa sababu niliacha nje majoho ya kwaya, na majoho ya kwaya yakilowa upya yanarudisha ule uvundo niliohangaika nao wiki nzima.

Nimefika nyumbani mbio, nikakuta majoho yananing'inia yanachuruzika maji. Mume wangu kalala kwenye kochi, redio inajisemea peke yake. Binti yetu, aliyebaki kwa kisingizio cha kuumwa kichwa, yupo jikoni, kakaa tu, simu kaiinamisha kifudifudi mezani.

"Hukusikia mvua?"

"Nilisikia, mama."

"Sasa?"

"Samahani."

Basi, hakuongeza. Huyu tulimpa jina la Chiriku kwa sababu alisema kabla ya kutembea. Alikuwa akitoka duka la dawa anakofanya kazi ananisimulia kila aliyeingia, alikohoa vipi, aliona haya kutaja nini. Sasa ni "samahani" na "sijambo" na "nipo". Mtu hanyamazi hivi bure. Kuna jambo.

Jumanne, 7 Oktoba

Bomba la kufulia linavuja tena. Fundi Bomba alilikaza wiki iliyopita tu. Fundi anayeitwa kila wiki huyo si fundi, huyo ni mpangaji.

Ijumaa, 10 Oktoba

Wifi yangu kaja. Paa la nyumba yake limeanguka upande mmoja, atakaa nasi mpaka mvua ziishe. Kaja na sanduku, mwavuli uliovunjika mbavu na Biblia iliyochakaa, jalada limeshikiliwa na mpira wa kufungia nywele.

"Nimekuja kuegesha mbavu kwa kaka yangu, wifi. Nivumilie."

"Karibu, wifi, hapa ni kwako."

Nimesema hivyo kwa sababu ndivyo husemwa. Wifi anasali kanisa jingine, lile la ng'ambo ya barabara kuu ambalo Mzee wetu akilitaja hukunja uso. Kila asubuhi huketi dirishani na kitabu chake na penseli, anapiga mistari na kuandika pembeni. Biblia ya Mungu, anaiandika! Nimemwangalia sana. Mtu wa kanisa jingine haji kwako na mikono mitupu, huja na wavu.

Jumapili, 12 Oktoba

Mzee alinisimamisha mlangoni baada ya ibada. Ni mzee wa kanisa letu tangu nikiwa msichana, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na sauti yake hata akinong'ona hufika mbali. "Mama Chiriku, nina neno la heri. Jumamosi nitapita."

Nimeuliza ni neno gani. Katabasamu tu. Sipendi neno la heri linalofichwa siku sita.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mvua. Shuka za nyumba ya wageni hazijakauka. Nimezipiga pasi mbichi mpaka chumba kikajaa mvuke kama sufuria.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimewakuta wifi na Chiriku uani, wameinamiana juu ya beseni, wananong'ona. Nilipotokea wakaanza kusifu sabuni. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi kazi yangu ni nguo, kwa hiyo nisiambiwe.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nataka kuandika yote ya leo nikiwa bado na hasira, kesho nitaanza kuyapamba.

Mzee kaja saa kumi, kanzu nyeupe niliyomfulia mwenyewe. Kakaa kwenye kiti cha mume wangu. Mume wangu, ambaye kanisani huonekana kwenye mazishi tu, kahamia kwenye stuli bila kulalamika. Mzee akasema ana mpwa wake, kijana wa kazi, asiye na makuu, na kwamba katika maombi amemwona binti yetu kando yake.

"Mpwa yupi?" mume wangu akauliza.

"Mnamfahamu. Fundi Bomba."

Moyo wangu ukasema, ahaa! Kumbe zile nati zilikuwa zinaachwa nusu makusudi. Kumbe tumekuwa tukimlipa mtu aje kuchungulia nyumba yetu.

Kabla sijafungua kinywa Mzee akafungua Mwanzo, sura ya ishirini na nne. Akatusomea ile habari ya mtumishi aliyetumwa na bwana wake mzee akamtafutie kijana wake mke. Kisima, ngamia, msichana na mtungi begani. Anasoma vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Akafika pale kaka na baba wa msichana wanaposema kwamba jambo hili limetoka kwa Mungu, wao hawana neno la kuongeza, zuri wala baya, binti huyo hapo, mchukue uende. Akafunga kitabu, akaweka kiganja juu yake.

"Mmesikia. Hawana neno la kuongeza."

"Sisi tutafikiri kwanza," mume wangu akasema.

"Wale hawakufikiri, ndugu yangu. Walitii."

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni na trei. Nikamtazama, macho yake yako chini, vikombe vinagongana. Mwanangu anatetemeka! Akaweka trei, akatoka. Damu yangu ikachemka. Lakini ni Mzee, na kitabu kimesema, na mimi ni nani?

Ndipo wifi, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema huku anamimina chai: "Hiyo sura inaendelea, Mzee."

Mzee akatabasamu kwa mdomo tu. "Kila kitu kinaendelea, mama. Sukari tafadhali."

Alipoondoka nikamgeukia wifi, si Mzee. Nimemwambia ameniaibisha mbele ya mgeni, na kwamba kula wali wetu hakumpi ruhusa ya kutuvurugia kanisa. Akasema, "Sawa, wifi," akaenda kuosha vikombe. Hiyo "sawa" yake inachoma kuliko tusi.

Jumapili, 19 Oktoba

Mahubiri: utii wa wazazi na watoto. Mzee alinitazama mimi. Au mimi ndiye niliyemtazama yeye, sijui.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimeshindwa kuvumilia, nimemuuliza wifi sura hiyo inaendelea na nini.

"Sikwambii."

"Mbona Jumamosi ulikuwa na mdomo?"

"Nikikwambia, utakuwa umeacha kumsikiliza yeye ukaanza kunisikiliza mimi. Una Biblia, wifi. Isome."

"Nimezaliwa kanisani mimi!"

"Hilo nalijua. Mimi nimesema kusoma."

Nimenuna. Huo ndio wavu wenyewe, nikajisemea. Wanaanza kwa kukutenga na wakubwa wako, kisha wanakupa wakubwa wao. Ila nilipokwenda kuitoa Biblia yangu kwenye mkoba wa Jumapili, kurasa zake zimegandana kwa unyevu, na sehemu nyingi haziachani kwa sababu hazijawahi kuachana. Nimekuwa nikiifungua pale ninapoambiwa nifungue, na kuifunga ninapoambiwa tuketi. Uti wake bado mgumu kama wa dukani.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mvua kutwa. Hakuna cha kuanua, hakuna cha kuanika. Nimeketi na kitabu kwenye kiti cha pasi, mlango nimeufunga, wifi asije kujiona ameshinda.

Nimeanzia pale Mzee alipofungia. Mtumishi anakula, analala. Asubuhi anataka kuondoka. Kaka na mama wanasema binti akae kwanza siku chache. Mtumishi anakataa. Ndipo wanasema, na nimesoma kwa kidole chini ya kila neno, tumwite binti mwenyewe tumuulize. Wakamwita. Wakamuuliza kama atakwenda na mtu huyu. Akajibu kwa kinywa chake.

Nilisimama. Nilitaka kupiga kigelegele. Mistari michache tu kutoka pale kiganja cha Mzee kilipotua! Miaka yote nimesikia habari hii, kwenye harusi ngapi sijui, na hakuna aliyewahi kunifikisha hapo. Nani mwingine anajua? Walikuwa wananificha? Na kama wamenificha hili, wamenificha lipi tena?

Nimeweka kipande cha kitambaa kwenye ukurasa. Jumapili nitamsimamisha Mzee mbele ya watu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimemwonyesha wifi, kifua mbele. Nilidhani atanipigia makofi. Kavaa miwani, kasoma, kisha akaniuliza:

"Walimuuliza nini hasa?"

"Kama anataka kuolewa."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Wanamuuliza kama ataondoka sasa, wakati wao wanataka akae siku chache. Habari ya kuolewa walishaikata jana yake, pale pale aliposoma Mzee.

"Kwa hiyo Mzee ana haki?" nikafoka. "Wewe uko upande gani?"

"Sina upande, wifi. Yeye kaishia kati, wewe umeanzia kati. Wote wawili mmekata kipande kinachowatosha mwilini. Rudi mwanzo wa sura. Kila mtu anapofungua kinywa jiulize: nani anasema, anamwambia nani, baada ya jambo gani. Usitafute unachokitaka. Tazama kilichopo."

Nimeondoka nimemwachia chumba. Mwanamke huyu hata kukubaliana naye ni kugombana.

Jumapili, 26 Oktoba

Sikumsimamisha mtu. Nimekaa kiti cha nyuma.

Jumatano, 29 Oktoba

Siku tatu nimerudi mwanzo, polepole, katikati ya pasi na kamba. Nimechukua penseli. Mkono ulisita kabla ya kugusa ukurasa, lakini nimeandika pembeni, kwa herufi ndogo: "Bwana mzee anamwambia mtumishi." "Mtumishi anaogopa." Kidogo kidogo watu wanaanza kuwa watu. Zamani walikuwa picha ukutani.

Na leo nimekuta. Iko mwanzoni kabisa, kabla ya ngamia, kabla ya kisima. Mtumishi anamuuliza bwana wake: je, mwanamke asipotaka kunifuata? Na yule bwana, ambaye angeweza kusema mvute kwa kamba, anamjibu kwamba mwanamke asipotaka, wewe umefunguliwa kiapo changu.

Nimesoma juu yake, nimesoma chini yake. Nimejaribu hata kusoma kama Mzee, nikitafuta pa kuponyoka. Nimekosa. Kutaka kwake msichana kulikuwemo tangu safari haijaanza. Ile ya asubuhi, walipomwita wakamuuliza, sasa inakaa vizuri, haihitaji nguvu zangu.

Sikumwambia wifi. Alipita akaona penseli sikioni mwangu, akajifanya hakuona.

Alhamisi, 30 Oktoba

Bomba linavuja. Nimefunga kwa kitambaa. Fundi Bomba haingii hapa tena.

Jumamosi, 1 Novemba

Nimekwenda dukani kwa Mzee na Biblia ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa anapima misumari. Kanipa kiti kati ya ndoo za rangi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama. Umeniletea jibu?"

"Nimekuletea sura. Naomba unisomee kuanzia mwanzo, na mimi nifuate kwa kidole."

Alinitazama kama kiti kilichosema. "Yule wifi yako ndiye aliyekutuma?"

"Wifi hajui kama nipo hapa." Ni kweli, na nilifurahi kuwa ni kweli.

Akasoma. Alipofika pale pa kiapo akapita kwa kasi ileile ya siku zote. Nikamsimamisha. "Samahani Mzee. Hapo nani anasema?"

"Bwana wa yule mtumishi."

"Anamwambia mwanamke asipotaka iweje?"

Akarudia mstari. Kisha akarudia tena, safari hii midomo tu. Mteja akaingia kuulizia koki, Mzee akamwambia, "Ngoja." Sijawahi kumwona anamngojesha mteja.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ghadhabu. Nilikuwa na maneno makali, nimeyapiga pasi tangu asubuhi. Lakini alivua miwani, akasugua macho, akasema taratibu: "Aliyenifundisha alikuwa akiishia pale. Na mimi nikaishia pale." Halafu akajikusanya, sauti yake ikarudi. "Hata hivyo maombi yangu ni maombi yangu. Niliona nilichokiona."

"Sibishani na maombi, Mzee. Nauliza kilichoandikwa."

"Haya. Tumuulize binti." Akavaa miwani. "Yeye mwenyewe amekwambia nini?"

Nikafungua mdomo. Sikuwa na kitu cha kuweka humo.

Jumapili, 2 Novemba

Tangu Mzee alipokuja nimesoma sura nzima, nimegombana na wifi, nimegombana na mzee wa kanisa. Binti yangu analala chumba cha pili, na sijamuuliza. Nilimwona akitetemeka na trei nikajijibia mwenyewe. Kipande kilichonitosha.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua ilipumzika mchana, tukatoka mbio kuanika, mimi upande huu wa shuka, Chiriku upande ule. Hivyo ilikuwa rahisi, sikuona uso wake.

"Mwanangu, unamtaka yule Fundi Bomba?"

Shuka ikaacha kutikisika.

"Ukikataa, hakuna wa kukulazimisha. Nimemalizana na Mzee. Nimesoma mwenyewe."

"Mama..."

"Sema tu."

"Namtaka."

Nikadhani sikusikia vizuri. Nikasogeza shuka. Alikuwa anatetemeka tena kama siku ile, na machozi yanamtoka, na anacheka.

"Namtaka tangu mwaka jana. Mimi ndiye niliyemwambia aende kwa mjomba wake. Wewe kila anayebisha hodi unamwona mwizi. Nikasema akija Mzee na kitabu, utamheshimu. Sikujua kama utakwenda kukisoma!"

"Na lile bomba?"

Akaziba mdomo kwa kibanio cha nguo. "Mimi ndiye niliyekuwa nalegeza nati. Yeye anajua kufunga, mama. Ni fundi mzuri sana. Ilikuwa inanichukua nguvu zangu zote."

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Niliuliza kama wifi anajua. Anajua, na alimwambia tangu siku ya kwanza amweleze mama yake, ndiyo minong'ono ya kwenye beseni. Niliuliza kama Mzee anajua. Hajui. Mpwa alimwomba amtazamie njia, Mzee akaomba, na jibu likaja upesi kwa sababu lilikuwa limetegwa.

Hasira ilikuja, ikapiga hodi, ikakuta nyumba imejaa. Wiki mbili nzima nimemtafutia binti yangu haki ya kukataa kama mtu anayetafuta maji, na haikunijia hata mara moja kwamba angeitumia kukubali. Sasa nifanye nini? Nimwambie hapana? Mimi, niliyekwenda na kidole mpaka dukani?

Mvua ikarudi. Hakuna aliyeinuka kuanua.

Jumatano, 5 Novemba

Mume wangu nimemweleza yote. Kacheka mpaka kakohoa. "Sasa amepata wa kumrithi kwa ujanja." Sijui alimaanisha nani.

Jumamosi, 15 Novemba

Mzee kaja na mpwa wake. Fundi Bomba kavaa shati lililopigwa pasi na mtu asiyejua pasi, mkunjo umepinda mpaka tumboni. Nilimtazama nikitafuta hila, nikaona hofu tu. Kijana anaogopa stuli.

Mzee hakufungua kitabu. Alimwita Chiriku akae, akamuuliza yeye, mbele yetu, kama atakwenda na mtu huyu. Sauti yake ilikuwa ya chini kuliko nilivyowahi kuisikia.

Chiriku akasema atakwenda. Kisha akaendelea: atakwenda lakini kazi yake ya dukani haachi, na hawatakaa kwa mjomba, watapanga chumba, na chumba kiwe na dirisha la kuelekea mashariki, na harusi ingoje kiangazi kwa sababu mama yake hawezi kuwafulia wageni kwenye mvua hizi. Fundi Bomba akawa anaitikia kwa kichwa kila nukta. Wifi akaangalia dari. Mzee akasema, "Yule wa kisimani alijibu kwa neno moja," na nikacheka mpaka nikajishangaa.

Walipokuwa wakiondoka nilimuuliza Fundi Bomba kama hakuona ajabu nati kulegea kila wiki. "Niliona, mama," akasema. "Nikasema bomba hili lina baraka." Bado namchunguza. Lakini nimemruhusu alikaze.

Alhamisi, 20 Novemba

Jua siku mbili mfululizo. Majoho ya kwaya yamekauka, hayanuki.

Jumamosi, 22 Novemba

Wifi kaondoka, paa lake limepona. Nilimsindikiza mpaka kituoni, nikingoja anialike kanisani kwake. Nilikuwa na jibu tayari. Hakunialika. Alinikumbatia, akapanda gari, akapunga mkono. Mpaka sasa sijui kama nimefarijika au nimeudhika.

Jumapili, 23 Novemba

Mzee leo kasoma sura nzima mbele ya kanisa, bila kuruka. Watu walikohoa, watoto wakalia, mama mmoja akasinzia kabla ya ngamia kunywa. Hakusema alionyeshwa na nani. Nilingoja aseme, nikatambua kwamba nangoja, nikaona haya kidogo. Kidogo tu.

Mchana nimeketi uani, nikafungua ukurasa unaofuata, kwa sababu hakuna aliyenizuia. Yule bwana mzee, baba wa kijana, ambaye kwa hesabu zangu alikuwa amemaliza kazi yake, anaoa tena! Mke mwingine, na watoto juu. Nimesoma mara mbili kuhakikisha. Nikamwita mume wangu.

"Ulijua kama mzee yule alioa tena?"

"Mimi kanisa siendi."

"Mimi ninayekwenda sikujua!"

Akarudi kwenye redio yake. Mimi nimevuta kiti kwenye jua, nimenoa penseli kwa kisu cha jikoni. Hawa watu kuna mengi hawajanisomea.